Jina la Mama Lina Tahajia Tatu: Lugha na Huduma za Serikali Kwenye Simu, Kambove

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kambove, kilomita kama 25 hivi kaskazini-magharibi ya Likasi, nikamkuta mama amekaa mbele ya mlango, simu iko mapajani, hataki kuiacha hata akienda kuchota maji. Alikuwa anangoja feza. Kwetu Katanga pesa ni feza, na hati au barua yoyote ni mukanda, na sioni sababu ya kuyabadili maneno hayo kwa ajili ya jarida hili. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imewaambia wajane wa wafanyakazi wa migodi kwamba malipo yao hayatatolewa tena dirishani. Yatapita kwenye simu. Kila mmoja apeleke namba yake na nakala ya kadi yake. Mama alipeleka. Majirani zake watatu walilipwa wiki ileile. Yeye alipata ujumbe wa mstari mmoja, kwa Kifaransa, akautunza wiki mbili bila kuufuta mpaka mimi nifike niusome.

Ulisema kwamba jina la mpokeaji halilingani na jina lililosajiliwa.

Tulitandaza mikanda yake yote juu ya mkeka. Kwenye cheti cha ndoa anaitwa Ngoyi. Kwenye kadi anayotembea nayo ni Ngoie. Laini ya simu, iliyosajiliwa na kijana mmoja sokoni, inasema Ngoy. Nilimuuliza ni nani aliyeandika hivi. Akacheka: kila mara walimuuliza jina linaandikwaje, na kila mara yeye alijibu jibu lilelile, "Andika vile unasikia."

Watu wakizungumzia serikali mtandaoni katika nchi yetu, mara nyingi husikitikia umeme unaokatika, mtandao dhaifu na bei ya megabaiti. Ni kweli yote hayo. Lakini mama alikuwa na umeme siku ile, mtandao ulikuwepo, na simu yake ilikuwa imejaa chaji. Kilichomzuia ni herufi. Ndiyo maana naleta jambo hili kwenye jarida la kitivo cha lugha badala ya kuwaachia wahandisi. Huduma ya umma ikiingia kwenye simu, mambo ambayo sisi tunayasoma darasani kama tahajia, fonolojia na istilahi yanageuka kuwa kitasa cha mlango, na asiye na ufunguo hulala nje.

Jina na mashine

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo lenye uzito zaidi.

Majina ya Katanga yameandikwa na mikono mingi. Makarani wa Kibelgiji na wamisionari waliyasikia kwa masikio ya Kifaransa au ya Kiflemi. Sauti ambayo Kiswahili huiandika "ch" wao waliiandika "tsh", na mpaka leo tunaandika Tshombe. Kiyeyusho "w" mmoja alikiandika "w", mwingine "u", ndiyo maana katika darasa moja unaweza kumkuta Mwamba na Muamba ambao babu yao ni mmoja. Kiyeyusho "y" nacho kikawa mara "y", mara "i", mara "ie". Hakuna aliyekosea sana. Kila mmoja aliandika alivyosikia, kama mama alivyowaomba wafanye.

Juu ya hapo kuna historia ya siasa. Mwaka 1972, wakati wa sera ya Mobutu ya kurudi kwenye uasilia, majina ya Kikristo yaliwekwa kando na watu wakachukua majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, lakini yale mengine hayakuondoka. Ndiyo sababu Mkongo hujaza nafasi tatu kwenye fomu: jina, jina la pili, na jina la ubatizo. Programu nyingi zinazotoka nje zina nafasi mbili tu. Anayejaza huamua mwenyewe lipi aliache, na wawili wakijaza fomu mbili za mtu mmoja, kila mmoja anaacha lake.

Zamani hayo hayakumfunga mtu. Karani mwenye daftari na kalamu, akimwona mama mbele yake, alijua kwamba Ngoyi na Ngoie ni yuleyule. Kama hakujua aliuliza, na mtu wa foleni akajibu, "Ni yeye, mke wa fulani." Kompyuta haiulizi foleni. Inalinganisha herufi kwa herufi, na kwake Ngoy na Ngoie wako mbalimbali kama Petro na Paulo.

Wala si kweli kwamba kompyuta haiwezi kufundishwa. Mwaka 1918 Mmarekani mmoja, Robert Russell, alipata hataza ya mbinu inayojulikana kama Soundex, ya kupanga majina kwa sauti badala ya herufi. Kanuni yake ni rahisi mno. Herufi ya kwanza inabaki. Irabu zinatupwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zilizobaki zinagawanywa katika makundi sita ya sauti zinazofanana, kila kundi likipewa namba. Nilijaribu kwa kalamu juu ya mkeka uleule: Ngoyi inatoa N200, Ngoie N200, Ngoy N200. Majina yote matatu ya mama yakawa jina moja, kwa mbinu iliyozidi umri wa miaka mia. Mwamba na Muamba nao wanakutana kwenye M510.

Nikajaribu Tshombe na Chombe. Hapo ilivunjika: ya kwanza inatoa T251, ya pili C510. Mbinu ile ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza, na kwa kuwa inashikilia herufi ya kwanza, haijui kwamba "tsh" na "ch" ni sauti moja. Haijui pia yanayotokea kati ya "ki" na "ky", wala habari za majina ya Kiluba, Kisanga na Kibemba yanayochanganyika katika mitaa ya Kambove. Mtu wa kuandika kanuni za sauti zetu lazima ajue fonolojia ya lugha hizo. Mhandisi hawezi kuzibuni peke yake. Nimewasikia wanafunzi wenzangu wakilalamika kwamba tasnifu za fonolojia hazina kazi mtaani. Hii hapa kazi, na wajane wanaisubiri.

Msomaji anaweza kusema: basi watu wapewe kitambulisho kimoja, mambo yaishe. Ingekuwa vizuri. Lakini sensa ya mwisho nchini mwetu ni ya 1984. Kwa miaka mingi mukanda wa utambulisho wa Mkongo wa kawaida umekuwa kadi ya mpiga kura, ambayo hutolewa kwa ajili ya uchaguzi. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea kadi ya kwanza ya utambulisho wa taifa, jambo lililotangazwa sana, lakini mtu wa kijiji cha Kambove bado anatoa mfukoni kadi ya kura. Na mwaka huohuo wa 2023 kadi nyingi za kura zilianza kufutika maandishi zikiwa mfukoni mwa wenyewe, hata Tume ya Uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa nakala kabla ya kura ya tarehe 20 Desemba. Hata siku ambapo kitambulisho kimoja kitawafikia wote, mtu atakaa mbele ya kompyuta, atauliza jina linaandikwaje, na atajibiwa aandike anavyosikia.

Mkalimani amehamia kibandani

Wanaosifu huduma za kidijitali husema zinaondoa mtu wa kati. Mwananchi na serikali, uso kwa uso, hakuna wa kudai chochote katikati. Kambove sikuliona hilo. Mtu wa kati alikuwa ofisini, akasimama na kuhamia chini ya mwavuli, kando ya barabara, anakouza "unité" za simu.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya kwanza, inakifanya Kifaransa lugha rasmi, na inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba. Serikali inatakiwa kuziendeleza bila ubaguzi. Sitaki kuanza ugomvi wa zamani kuhusu Kifaransa. Mimi mwenyewe nimekisomea na kinanilisha. Nasema tu kwamba ujumbe wa simu hauna nafasi ya tafsiri pembeni. Ukija kwa Kifaransa, umekuja kwa Kifaransa, na mama yangu, anayezungumza Kisanga, Kiluba na Kiswahili, siku hiyo anahesabiwa kuwa hajui kusoma.

Kijana wa kibanda ndiye anayemsomea. Ni kijana mwema, humwita "Mama" na hamtozi kila mara. Lakini anajua namba ya siri ya simu yake. Anazijua za nusu ya mtaa. Mama alikuwa amejifunza menyu kwa nafasi ya maneno: la juu ni kukubali, la chini ni kukataa. Siku moja menyu ikapangwa upya, akakataa alichotaka kukubali, na kuanzia hapo akamwachia kijana simu yote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtihani wa taifa. Kwa miaka kadhaa sasa mtahiniwa wa mwaka wa mwisho wa sekondari anaweza kutuma namba yake kwa ujumbe mfupi na kupata jibu la kufaulu au kushindwa. Huduma hii nzuri imewaondolea watu safari na siku nyingi za kukaa karibu na redio. Nami nilipata yangu hivyo. Baba alikuwa hai bado. Alishika simu, akaigeuza, akanirudishia bila kusema neno, kwa sababu hakutaka kuniuliza imeandikwa nini. Alijua nimefaulu pale dada yangu aliponimwagia poda kichwani, kama tunavyofanya kwa kila aliyepata diploma. Serikali ilinipa jibu mimi. Yeye, aliyelipa ada miaka yote ile, alipata jibu lake kwa poda.

Wakati mwingine kutoelewa kuna gharama inayohesabika. Mwaka 2020 serikali ilianzisha tozo ya kusajili simu za mkononi, iliyojulikana kwa herufi tatu, RAM, ikikatwa moja kwa moja kwenye salio. Kelele zilifika bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Wanauchumi wameijadili kama kodi. Mimi naikumbuka pia kama kitu kilichoingia mtaani kwetu kikiwa kifupisho tu. Watu hawakusema wanatozwa. Walisema simu inakula. Kodi ambayo mlipaji hana jina lake katika lugha yake hawezi kuikubali wala kuipinga vizuri, na bibi mmoja jirani yetu alibadilisha simu nzima akidhani ile ya kwanza ni mbovu.

Kuna mara moja serikali iliikwepa lugha kabisa. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 tulipigia kura mashine yenye kioo cha kugusa, iliyotengenezwa Korea Kusini. Mpiga kura aligusa picha na namba ya anayemtaka, mashine ikachapa karatasi, akaitia sandukuni. Wapinzani wa mashine hiyo waliiita "machine à voler", wakibadilisha herufi moja katika neno la Kifaransa la kupiga kura ili lisomeke kuiba. Mchezo wa maneno mzuri, ambao wapiga kura wengi wa Kambove hawakuupata kwa sababu ulikuwa wa Kifaransa. Nyuso na namba, lakini, kila mtu alizipata. Siku iliyofuata kura intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku karibu 20. Hilo nalo ni matumizi ya teknolojia serikalini, ingawa huwa halimo kwenye mihadhara.

Tangazo la picha, tafsiri ya sauti

Mitandao ya kijamii kwetu maana yake ni WhatsApp. Tangazo la ofisi huandikwa kwenye karatasi, kwa Kifaransa, hutiwa saini na muhuri, kisha hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi. Muhuri lazima uonekane, na ukiwa umepinda kidogo watu huuamini zaidi. Kwa kuwa ni picha, simu haiwezi kulisoma kwa sauti wala mtu hawezi kutafuta neno ndani yake. Na kwa kuwa ni karatasi yenye muhuri, anayejua kutumia programu ya kuhariri picha anatengeneza tangazo la uongo kwa dakika kumi.

Baada ya picha hufuata sauti. Mtu mmoja kwenye kundi, mara nyingi mwalimu au katekista, anabonyeza kipaza sauti na kueleza kwa Kiswahili cha kwetu: "Batu bote, musikilize." Ujumbe huo wa sauti ndio unaosambaa. Ndio unaochezwa sokoni, kwenye pikipiki, jikoni. Kwa maoni yangu, gazeti la serikali linalosikilizwa kweli Kambove ni sauti ya mtu ambaye serikali haimjui.

Nilihifadhi kadhaa na kuzisikiliza kama mwanafunzi wa isimu. Watafsiri hawa ni hodari kuliko tunavyodhani. Wanapanga upya tangazo: kinachotakiwa kufanywa kinakuja kwanza, tarehe inarudiwa mara mbili, na aya nzima ya vifungu vya sheria inaachwa. Lakini wanajikwaa palepale ambapo lugha yetu haijakata shauri. Kuhesabu watu na kuandikisha wapiga kura, ambayo kwa Kifaransa ni maneno mawili tofauti, kwa sauti zile yote ni "kuandikisha", na watu waliojiandikisha kwa jambo moja wanadhani wamemaliza na la pili. Neno lililonichekesha na kunisikitisha ni "bure", ambalo sisi hulitamka "bule". Msemaji mmoja alisema, "Kadi iko bule, musilipe kitu." Alitaka kusema haina malipo. Mzee mmoja kando yangu akasema ndiyo, ya bule kweli, haifai kitu. Maana zote mbili zimo ndani ya neno hilo, na siku ile, kadi zikiwa zinafutika, hakuna aliyeweza kumsahihisha mzee.

Watafsiri hawa wanabeba pia hatari ambayo wengi hawaijui. Kanuni za Kidijitali, zilizotolewa kwa agizo-sheria namba 23/010 la tarehe 13 Machi 2023, zinatambua maandishi ya kielektroniki, jambo ambalo siku moja linaweza kumwondolea mama haja ya kubeba karatasi. Zinaadhibu pia kusambaza habari za uongo kwa njia ya mitandao. Katekista anayetafsiri kwa nia njema tangazo ambalo kumbe ni la kughushi yuko wazi mvuani. Ofisi ingeweza kumsitiri kwa jambo dogo: kutoa yenyewe ujumbe wa sauti wa Kiswahili pamoja na picha ya karatasi. Simu inayopiga picha ile ndiyo hiyohiyo inayorekodi sauti.

Tukiongea hivi hapa kitivoni kuna anayesema, angalia Tanzania. Nimeangalia. Tangu sheria ya serikali mtandao ya 2019, na kabla yake wakala wa serikali mtandao ulioanza 2012, Watanzania wamejenga huduma nyingi ambazo mtu anazitumia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na mtu wa Kambove akizifungua anazisoma bila kijana wa kibanda. Hata hivyo namba wanayolipia serikalini, yenye jina la Kiswahili kwenye karatasi, wananchi wenyewe wanaiita kontroo namba. Kenya ina majina matamu zaidi: Vituo vya Huduma vilianza 2013, Huduma Namba ikaandikisha watu 2019, Gava Mkononi ikazinduliwa 2023. Jina ni la Kiswahili, fomu ndani yake kwa sehemu kubwa ni za Kiingereza, na Huduma Namba mahakama iliikwamisha kwa sababu za ulinzi wa taarifa za watu, ambazo jina zuri halikuweza kuziponya. Kwa hiyo tusidhani kwamba kubandika jina la Kiswahili mlangoni kunatosha. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tunayo angalau ruhusa ya kuazima kwa jirani bila aibu, istilahi na makosa yake pia.

Mwisho nieleze tulichoanza kufanya, kwa sababu nimeulizwa. Tuko wanne, wawili wa Likasi, mmoja wa Lubumbashi na mimi. Tunakusanya maneno ya Kifaransa yanayotokea kwenye ujumbe wa huduma na menyu za simu, tunawauliza watu wa mitaani wanayaitaje tayari, na tunaandika majibu yao kabla ya kufungua kamusi yoyote. "Solde" ni "feza yenye kubakia", na nani anahitaji zaidi? "Échec" ni "imekatala", na mwenye simu anaelewa kwamba kosa si lake. Orodha ya majina ya watu na tahajia zake tunaifanya kando, nayo inakua haraka kuliko ile ya maneno. Yeyote mwenye daftari la ubatizo au la shule aliloruhusiwa kulinakili anakaribishwa.

Mama bado hajalipwa. Ofisi inataka mukanda wa mahakama unaothibitisha kwamba Ngoyi, Ngoie na Ngoy ni mtu mmoja, na mahakama inataka malipo yapite kwenye simu. Neno "valider" pia halijapata mwenzake kwenye orodha yetu. Mama anasema ni kukubali. Katekista anasema ni kuhakikisha. Kijana wa kibanda, ambaye ndiye mwenye uzoefu kuliko sisi wote, anasema yeye huwaambia wabonyeze moja tu.